Makopo Manne kutoka Timau

GATWIRI: Haloo? Nani huyo anapumua bila kusema?

KAILEMIA: Ni mimi, Mama Nyaga.

GATWIRI: Mimi wako wengi. Sema jina.

KAILEMIA: Kailemia. Ndugu yako wa Timau.

GATWIRI: Ai, Kailemia! Habari za huko? Baridi imewaacha?

KAILEMIA: Baridi iko. Tunavaa makoti mawili. Siakago mko salama?

GATWIRI: Tuko. Jua limekausha hata mate. Ile mbuzi yangu ya pembe moja imezaa mapacha, mmoja mweusi tititi, na mwingine ana soksi nyeupe miguu ya—

KAILEMIA: Dada, salio ni kidogo.

GATWIRI: —ya nyuma. Haya, sema.

KAILEMIA: Yale makopo.

GATWIRI: Makopo gani?

KAILEMIA: Yale manne. Niliyokutumia katikati ya gunia la viazi.

GATWIRI: Aa! Yenye vile vidude vya kijivu, vina kiuno kama nyigu?

KAILEMIA: Hivyo hivyo. Ni risasi za bunduki yangu ya upepo, ile napigia njiwa wanaokula ngano hapa shambani.

GATWIRI: Risasi! Na wewe uliniambia ni vitu vya kazi, nikuwekee vizuri.

KAILEMIA: Si ni kazi yangu? Sasa nazitaka zirudi. Kesho kabla ya saa sita, zote, bila kupungua kopo.

GATWIRI: [anaziba simu]

KAILEMIA: Haloo? Uko hapo?

GATWIRI: Niko. Haraka ya nini? Zilikaa hapa tangu viazi vya kwanza, hakuna aliyeziulizia.

KAILEMIA: Mdosi, mwenye shamba, amezipiga marufuku. Hizo zimetengenezwa kwa madini yale mazito, yale yako ndani ya betri ya gari. Amesema hakuna kupiga njiwa na hizo tena, na kila mtu arudishe alizochukua stoo. Asiyerudisha, anarudisha na overoli pia. Anaenda nyumbani.

GATWIRI: Marufuku kwa nini? Njiwa wameshtaki?

KAILEMIA: Bundi wamekufa.

GATWIRI: Nani?

KAILEMIA: Bundi. Watatu.

GATWIRI: Na hiyo ni habari mbaya?

KAILEMIA: Kwa mdosi ni msiba. Amewajengea vijumba vya mbao juu ya miti, wamkulie panya wa ghala. Sasa mimi nikipiga njiwa, anaanguka mbali, bundi anamwokota anamla na risasi ndani. Hayo madini ni sumu. Bundi anazubaa, anaanguka, basi. Daktari wa wanyama aliwapasua akaonyesha.

GATWIRI: Woi! Mama yetu angesikia kuna mtu anafuga bundi, angehama hata yeye asiyeishi huko!

KAILEMIA: Hata si bundi peke yao. Watu hapa walikuwa wanabeba hao njiwa nyumbani, wanapikia watoto. Tumeambiwa ni mbaya kwa akili ya mtoto. Usishike hizo risasi halafu ushike ugali. Unanawa kwa sabuni kwanza.

GATWIRI: Na mtu akiuma moja?

KAILEMIA: Aume kwa nini?

GATWIRI: Kujua ni kitu gani.

KAILEMIA: Mama Nyaga, uliuma?

GATWIRI: Kidogo. Na jino la pembeni. Ilikuwa laini, ikaacha alama. Nikatema.

KAILEMIA: Ngai!

GATWIRI: Nilitema, nimekuambia. Wewe umezishika miaka mingapi?

KAILEMIA: Kumi na moja. Lakini mimi sikuzila. Na— subiri, hii laini yenu ina shida. Inakwaruza. Inasikika kama mvua ya mawe kwa mabati.

GATWIRI: Hiyo si laini.

KAILEMIA: Ni nini basi?

GATWIRI: Ni kayamba. Niko kanisani, tuko na mazoezi ya kwaya. Jumapili tunashindana Embu.

KAILEMIA: Mbona inalia kwa nguvu hivyo? Ile yenu ilikuwa inanong'ona.

GATWIRI: Kailemia, keti chini.

KAILEMIA: Nimesimama kwa ua, hakuna kiti.

GATWIRI: Basi shika ua. Ile kayamba tulikuwa tumeijaza ndengu. Sasa wadudu wakaingia, wakala ndengu zote, zikabaki unga. Ukiitikisa inatoa vumbi. Mwalimu Njoka akasema tutaenda Embu kupiga makofi kama wajane. Siku hiyo hiyo nikafungua gunia lako la viazi—

KAILEMIA: La, la, la.

GATWIRI: —nikaona vidude vimelingana vizuri, vizito, mdudu hawezi kula—

KAILEMIA: Dada, usiniambie.

GATWIRI: —nikapasua matete upande mmoja, nikamwaga makopo yote manne, nikashona tena na sindano ya magunia. Uliniambia niweke vizuri. Zimewekwa kanisani, kuna mahali pazuri kushinda hapo?

KAILEMIA: Kazi yangu iko ndani ya kayamba.

GATWIRI: Na inalia vizuri sana. Mwalimu Njoka alifunga macho alipoisikia.

KAILEMIA: Itoeni. Leo.

GATWIRI: Njoka atalia.

KAILEMIA: Alie! Mimi nina karo ya chuo ya mwanangu Kobia, nina—

GATWIRI: Ngoja, natoka nje, huku soprano wameanza. [mlango] Nelius! Nelius, waambie wasimame kidogo. Hapana, si mambo ya sauti. Ni risasi. Nitaeleza! [mlango] Haya, niko hapa nyuma, karibu na tangi la maji. Zitatoka. Mtu hafukuzwi kazi kwa sababu ya wimbo.

KAILEMIA: Asante, dada.

GATWIRI: Lakini niambie kitu. Kama mdosi ametaka zirudi, si ungemrudishia siku ile? Kwa nini ulizificha kwa viazi?

KAILEMIA: Sikuzificha. Nilizihamisha.

GATWIRI: Mpaka huku kwetu Mbeere?

KAILEMIA: Nilisikia fununu kwamba marufuku inakuja. Nikasema niweke akiba. Hizi mpya hazifai, Mama Nyaga! Zimetengenezwa kwa madini mengine mepesi, kama mbegu ya boga. Upepo wa Timau unazichukua, unaenda nazo Nanyuki. Zile za zamani zilikuwa zinanijua.

GATWIRI: Umezijaribu?

KAILEMIA: Jana mdosi alitujaribisha. Aliweka kopo la mafuta ya kupikia juu ya nguzo, hatua ishirini na tano. Nikapiga tano.

GATWIRI: Ukagonga ngapi?

KAILEMIA: Upepo ulikuwa mbaya.

GATWIRI: Ngapi?

KAILEMIA: Hakuna.

GATWIRI: Pole. Na wenzako?

KAILEMIA: Kithinji alikuwa nyuma yangu. Aligonga nne.

GATWIRI: Kwa bunduki nyingine?

KAILEMIA: Bunduki ni moja.

GATWIRI: Risasi zile za zamani?

KAILEMIA: Hapana. Hizi hizi mpya.

GATWIRI: Na upepo?

KAILEMIA: Ulitulia kidogo.

GATWIRI: Ulimheshimu Kithinji.

KAILEMIA: Dada, usinichekelee.

GATWIRI: Sicheki, nakohoa. Mdosi alisema nini?

KAILEMIA: Alisema Jumatatu turudie. Nikikosa tena, bunduki ni ya Kithinji, na mimi nitatafutiwa kitu. Akasema pia bundi wapya wanakuja.

GATWIRI: Sasa ndugu yangu anashindania kazi na bundi.

KAILEMIA: Na bundi halipwi.

GATWIRI: [anacheka] Woi, Kailemia. Sasa sikiza. Mwezi wa nane, mazishi ya Nyamu. Unakumbuka?

KAILEMIA: Nakumbuka. Tulikula vizuri.

GATWIRI: Nilikuja kukusalimia pale kwa hema. Ukanishika mkono kwa mikono miwili, ukaniambia, "Pole, Mzee Njuki."

KAILEMIA: Ulikuwa na kofia.

GATWIRI: Nilikuwa na kitambaa cha kichwa, Kailemia. Chekundu. Na Njuki ana ndevu.

KAILEMIA: Kulikuwa na jua.

GATWIRI: Na ile mbuzi yangu, ukaiangalia, ukauliza nani ameacha kiti nje. Nilinyamaza siku hiyo. Nikasema atasema mwenyewe.

KAILEMIA: [mtandao unakwaruza] —sikusikii.

GATWIRI: Unanisikia. Masikio yako ni mazima.

KAILEMIA: Lile kopo la mafuta.

GATWIRI: Eeh.

KAILEMIA: Sikuliona. Niliona nguzo tu, na hata nguzo zilikuwa mbili. Nikapiga nikisema lazima liko hapo juu.

GATWIRI: Tangu lini?

KAILEMIA: Tangu mavuno ya mwaka jana. Ni kama mtu amechemsha maji mbele yangu. Njiwa nilikuwa nawapiga kwa sauti ya mabawa. Kithinji ndiye aliyekuwa ananiokotea walioanguka, akajua sioni, akanyamaza. Ni mtu mzuri, Kithinji.

GATWIRI: Huo ni mtoto wa jicho. Mume wa Nelius alikuwa nao kwa macho yote mawili. Aliingia kwa daktari wa macho huko Meru akishikwa mkono, na sasa anaona hata senti nikiificha kwenye sadaka.

KAILEMIA: Na wakinipasua jicho wakakosea?

GATWIRI: Na ukipiga mdosi badala ya njiwa?

KAILEMIA: Mdosi ni mnene, hawezi kufanana na njiwa.

GATWIRI: Na mbuzi inafanana na kiti?

KAILEMIA: [anacheka] Haya. Haya, umenimaliza.

GATWIRI: Basi fanya hivi. Risasi tunazitoa leo, na sabuni na glavu za kufulia. Kayamba itapata ndengu mpya, na Njoka atapata leso. Kesho—

KAILEMIA: Mpe Salesio dereva azilete. Anarudisha pikapu ya miraa kutoka Nairobi, anapita Embu asubuhi.

GATWIRI: Salesio hataweza kuongea na mdosi wako. Nitapanda mimi mwenyewe kwa hiyo pikapu mpaka Meru, unipokee. Tunaenda na wewe hadi Timau, unamwekea risasi zake mezani, unamwambia mambo ya macho kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajaambiwa. Jumamosi daktari. Jumapili nimeshafika Embu, naimba.

KAILEMIA: Atanifukuza, dada.

GATWIRI: Miaka kumi na moja unamlindia ngano. Kama anaweza kulilia bundi, na wewe atakutafutia kazi ya kukaa getini wiki mbili, upone. Na asipotaka, nitakaa hapo ofisini mpaka achoke na mimi. Unajua vile mimi huchosha mtu.

KAILEMIA: Najua.

GATWIRI: Na nitasimulia mbuzi.

KAILEMIA: Pole yake.

GATWIRI: Kesho saa nne, stendi ya Meru, pale wanauza mahindi ya kuchoma. Usichelewe.

KAILEMIA: Sitachelewa. Ni— [mtandao unakatika] —salio linaisha, linalia.

GATWIRI: Nimesikia. Haya, kwaheri, salimia Mama Kobia. Na Kailemia, hapo stendi watu ni wengi. Utanijuaje?

KAILEMIA: Nitakujua tu.

GATWIRI: Utanijuaje?

KAILEMIA: Niite, dada. Niite kwa nguvu, nitakuja kwa sauti ya—