Mizinga ya Mama Watoto

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, shemeji yangu uliyekaa hapo mbele ukinikazia macho nisiropoke, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu, nanyi wa nyuma mliosimama kwa kukosa viti: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeambiwa niseme machache kabla Mheshimiwa hajakata utepe. Mimi ni seremala. Nimezoea kuongea na mbao, ambazo hazipigi makofi, lakini pia hazipigi miayo. Nivumilieni.

Mizinga hii mnayoiona hapa uani kwangu ilikuwa ya marehemu mke wangu. Yeye alikuwa na nyuki, mimi nilikuwa na woga. Akianza kurina asali, mimi najifungia ndani na kufunga madirisha yote, naye ananipigia kelele kutoka nje, "Baba watoto, toka basi, hawali watu hawa!" Alipofariki, upande ule wa ua sikuukanyaga tena. Nyasi zikapanda, mifuniko ikaoza, nondo wakala masega, nyuki wakahama. Watoto wako mbali na maisha yao. Wanapiga simu Jumapili, Mungu awabariki. Lakini ndugu zangu, mnajua nyumba inavyokuwa mpaka mtu mzima anaanza kuijibu redio? Mtangazaji anasema habari za jioni, nami nasema nzuri, karibu.

Ndipo siku moja nikashika randa. Sikuwa na haja ya nyuki. Nilitaka tu mikono yangu iguse kitu alichokigusa yeye. Nikang'oa mbao zilizooza, nikaunda mifuniko mipya, nikapiga msasa nje na ndani mpaka ukipitisha kiganja huhisi kitu, nikamalizia na vanishi, nje na ndani vilevile. Mizinga ikang'aa. Nikakaa kibarazani kungoja. Nyuki wakaja, wakatua mlangoni, wakanusa, wakaenda zao. Je, mnaujua uchungu wa kukataliwa hata na mdudu?

Nikamwita shemeji huyu, mdogo wa marehemu, ambaye walikuwa wakifuga pamoja. Akaingiza kichwa mzingani, akakitoa mbio huku akipiga chafya, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umewajengea ofisi ya mkurugenzi! Nani alikwambia nyuki anataka vanishi?" Akanieleza kwamba nyuki hufuata harufu ya nta ya wenzao waliotangulia, na kwamba ndani ya mzinga mbao huachwa jinsi zilivyo. Hapo nikaelewa nilichofanya. Kile nilichokuwa nakitafuta, nilikuwa nimekiondoa mwenyewe kwa msasa. Nililia pale pale mbele yake, wala sioni haya kuwaambia.

Shemeji aliinuka. Alizunguka nyuma ya karakana, akarudi na mfuniko mmoja wa zamani niliokuwa nimeutupa, bado una nta ya enzi za dada yake. Tukakwangua vanishi yote ya ndani, tukayeyusha ile nta kidogo, tukaipaka ndani ya kila mzinga. Maua yalipochanua, nilisikia mvumo nikiwa kitandani asubuhi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilifungua dirisha.

Kuanzia leo mizinga hii ni ya kikundi. Mwenyekiti ameniahidi kwamba kila mkirina nitawekewa fungu langu. Nashukuru, lakini asali chukueni yote. Nimeiona ratiba yenu: mtakuja msimu wa mavuno, mtarina, mtaondoka. Ombi langu ni moja tu. Pigeni hodi hata msimu ambao mizinga haina kitu. Njooni mkague nyasi, mkague mifuniko, mkague chochote. Na mkikosa cha kukagua, viti vipo, chai ipo, kaeni.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Ni muda mrefu sijasikilizwa.