Fundo la Bandeji kwenye Kitanda Namba Tisa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa nane mchana, zamu ya asubuhi ikishakabidhi, Sista Kijiko ataondoka wodi ya wazazi akiwa ametimiza miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku nne za utumishi. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikosea kwa siku kumi na moja, naye akawarudishia barua waisahihishe.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, viatu vyake vya mpira vikilia kila hatua hadi wodi nzima ikajua anakotokea. Alipangiwa chumba cha watoto, kile chenye dirisha kubwa la kioo mwisho wa korido, ambacho leo ni stoo ya mashuka. Miaka sita baadaye alihamia wodini, akasomea ukunga, akawa mkuu wa wodi. Wauguzi wapya wote wa miaka ishirini na miwili iliyopita ni yeye aliyewafundisha kumweka mtoto kwenye ziwa.

Jina la Kijiko limetokana na kile kijiko cha chuma kinachokaa mfukoni mwa sare yake. Mama akisema hana maziwa, Sista huvuta kiti, humfundisha kukamua kwa mkono, na matone ya kwanza ya dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya rangi ya njano, hukingwa kwa kijiko na kupewa mtoto palepale. Daktari mmoja mgeni aliwahi kukiokota mezani akakorogea chai. Aliamriwa akioshe, akichemshe na akae akisubiri kipoe, huku wagonjwa wakimngoja. Mpaka leo daktari huyo hunywa chai bila sukari.

Watu humsingizia kwamba anayachukia maziwa ya kopo. Si kweli. Mtoto aliyeshuka sukari, mtoto njiti ambaye maziwa ya mama yake bado hayatoshi, mtoto ambaye mama yake ni mahututi: yeye alikuwa wa kwanza kuwaandalia, kwa kikombe na kwa kipimo. Ila wodini kwake kopo halifunguliwi mpaka sababu iandikwe kwenye faili na mama aelezwe akaelewa. Aliyekiuka alikiona cha mtema kuni. Sisi tulidhani ni ukali wa kuzaliwa nao.

Hadi hapa wasifu huu wa kumuaga ulikuwa unakwenda vizuri. Mimi ni karani wa wodi hiyo, huu mwaka wa ishirini na nne, na niliagizwa niandike kwa "sisi" kama ilivyo ada ya jarida letu la hospitali. Kuanzia hapa siwezi, msomaji aniwie radhi.

Wiki tatu zilizopita nilimwomba Sista aniletee vyeti na picha. Akaja na bahasha ya kaki, na ndani yake, pamoja na vyeti, mlikuwa na daftari dogo lenye jalada la bluu lililopauka. Juu yake ameandika kwa mkono: Hawa sikuwauliza mama zao.

"Na hili uliandike," akaniambia. "Lisipokuwamo, huo wasifu si wangu."

Nilisoma kurasa mbili nikainuka kufunga mlango wa ofisi. Siku zile watoto wote walilala kwenye kile chumba cha kioo, wakipelekwa kwa mama zao kila baada ya saa nne. Kabla ya raundi ya madaktari kulitakiwa kimya, basi waliolia walipewa chupa ya maziwa ya kopo. Ili muuguzi mwingine asiwape tena, aliyewapa alifunga kipande cha bandeji kwenye mguu wa kitanda cha mtoto. Mtoto alifika kwa mama yake ameshiba mno, amelala fofofo, ziwa halitaki. Ziwa lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Siku ya tatu mama aliambiwa hana maziwa, akapewa kopo la kwendea nyumbani. Hakuna aliyeambiwa habari za zile chupa. Mama aliyeuliza bandeji ni ya nini aliambiwa ni alama ya mtoto mtulivu.

Daftari lina watoto mia sita na kumi na wawili, kwa tarehe na namba za vitanda bila majina, wote wamelishwa na mkono wake. Nimekula na mtu huyu, nimezika naye, nimemsikia akimkaripia daktari bingwa kwa sababu ya chupa moja. Nikawa nasoma mstari uleule bila kuuelewa.

Kisha nikafika ukurasa wa arobaini na moja. Tarehe 14 Machi. Kitanda 9. Wa kiume. Mara tatu. Mama aliuliza kama analia, nikamwambia amelala vizuri.

Mama huyo ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nalala upande wa dirishani, sijajua kazi ya ukarani wala sura ya muuguzi yeyote. Mwanangu alikuwa haamki. Siku ya tatu nikaambiwa sina maziwa, ndivyo nilivyoumbwa. Wakati wa kutoka niliiona ile bandeji kwenye kitanda chake nikaiomba, na muuguzi akanifungulia. Niliihifadhi kwenye boksi moja na kitambulisho chake cha mkononi. Miaka thelathini na mmoja nimeitunza nikijivunia kwamba mtoto wangu alipewa alama ya utulivu.

Nyumbani mama mkwe alinipa jina: Kifua cha Maonyesho. Alilisema kwa kucheka, mbele ya wageni, mbele ya mawifi, na mimi nilicheka nao. Mtoto wa pili nilimnunulia kopo kabla sijajifungua. Ziwa sikumjaribisha, wala wa tatu. Nilikuwa nimekubali. Ndiyo maana katika miaka yote ya kukaa wodi ya wazazi sikuwahi kumwambia Sista kwamba nilizalia hapohapo. Katika wodi yake ilikuwa aibu yangu.

Nilimnyima salamu siku mbili. Wodi nzima iliona, maana mimi si mtu wa kunyamaza. Mkuu wa wauguzi, alipojua kilichomo daftarini, alinishauri niliache nje ya jarida, akanikumbusha kwamba yaliyopita si ndwele. Nikamjibu kwamba yangu hayajapita. Yanakaa chumba cha pili nyumbani kwangu, yana miaka themanini na mitatu, na jana asubuhi yameniita kwa jina lilelile. Daktari wa watoto naye akasema zama zile kila mtu alifanya hivyo kwa nia njema, mama apumzike. Ni kweli. Lakini mimi sikuomba kupumzika, niliuliza kama mwanangu analia.

Siku ya tatu, saa ya chai, nilimwekea Sista ile bandeji mezani. Aliishika, akaigeuza, akaona mikunjo ya fundo lake la mizunguko miwili, ambalo hata leo hulifunga kwenye mifuko ya takataka. Akaniuliza namba ya kitanda. Nilipomwambia tisa, kikombe kilimponyoka. Naye alikuwa hajui. Miaka ishirini na minne tumekaa meza moja, kila mmoja na nusu ya habari.

Nilipomsimulia na lile jina nililopewa nyumbani, aliuliza swali moja tu: kama mama mkwe wangu bado yu hai.

Jumamosi akaja kwangu, amevaa sare yake kamili, siku ambayo hakuwa zamu. Mama mkwe alidhani kuna mgonjwa. Sista alikataa kiti, akapiga magoti kwenye mkeka mbele yake.

"Mama, huyu mkwe wako alikuwa na maziwa," alisema. "Mimi ndiye niliyeyazuia. Nilimshibisha mtoto kwa siri, kisha mwenyewe akaambiwa hana kitu."

Mama mkwe alimtazama Sista, akanitazama mimi, akavua miwani akaishika mapajani. Halafu akaniita, kwa jina langu la kweli, nikae upande wake. Nilikaa. Nililia kwa sauti, kitu ambacho sikukifanya hata pale kitandani.

Katika ile bahasha mna karatasi moja ambayo Sista ameipanga katikati ya vyeti: barua ya onyo. Mwaka wake wa sita kazini alikuja mkufunzi akawaonyesha goroli, akawaambia tumbo la mtoto wa siku moja halizidi hapo. Sista alitoka nje ya kikao hakurudi. Kesho yake asubuhi, bila ruhusa ya mtu, alifungua bandeji zote za chumba cha kioo, akasukuma vitanda vya watoto kimoja kimoja hadi kwa mama zao, raundi ya madaktari ikakuta kelele za watoto kumi na saba. Akaandikiwa onyo la kuvuruga utaratibu. Utaratibu aliouvuruga haukurudi tena. Wauguzi wenzake wa chumba kile walistaafu kwa shangwe, na hatukusoma daftari la yeyote, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeliweka.

Nimeulizwa kama nimemsamehe. Kuna asubuhi naamka na hasira mpya kabisa, namkumbuka mtoto wangu wa pili ambaye hata sikumjaribu. Asubuhi hizo namwambia, naye husikiliza, hajitetei. Ameniomba ile bandeji, nimemkatalia.

Kwa niaba ya wodi ya wazazi, Sista, asante kwa watoto wa miaka thelathini, na asante kwa kuwaandika wale mia sita na kumi na wawili. Ukapumzike, miguu ipoe, maisha yakuendee vyema. Ila usiende mbali. Yule wa kitanda namba tisa ameoa, na mkewe anajifungua mwezi wa nane, hapahapa kwetu. Mama mkwe wangu amesema utafutwe wewe. Uje na kijiko chako.