Mmea wa Kaburini

Boti ya kutoka Manda haikuwa imefika hata katikati ya mkondo, jirani yangu Bi Swafiya alipomfungulia mfuko wa nailoni mwanamume asiyemjua. Shati lake la hoteli lilishonwa jina, Kiprotich, na mkononi alishika mkasi wa bustani. Kwa Bi Swafiya huo ulikuwa udaktari tosha.

Mfukoni mlikuwa na kipande cha mmea utambaao, majani manene, shina limeoza. "Nimeupanda juu ya kaburi la mume wangu," alisema. "Niliambiwa haufi kwa jua, wafunika mtanga wote wa kaburi. Mbona wafa?"

Kiprotich aliubinya, maji yakamchuruzika vidoleni. "Mama, unaimwagilia mara ngapi?"

"Kila siku baada ya alasiri. Dumu zima."

"Hapo ndio unaiua. Hii mmea inajiwekea maji kwa majani. Mwagilia mara moja kwa mwezi, na mvua ikinyesha usiende kabisa."

Bi Swafiya aliyatazama maji yaliyomchuruzika Kiprotich vidoleni.

"Wanangu hawataki niende makaburini kila siku," alisema. "Wasema si mahali pa mwanamke. Lakini wakiniona na dumu la mai, hawaniulizi neno."

Kiprotich alikirudisha kile kipande mfukoni, akaufunga polepole kuliko ilivyohitajika. Boti ikagusa gati la Amu, mji wetu, abiria wakainuka.

"Basi, Bwana," Bi Swafiya akamwambia, "nitafutie mmea wenye kiu."