Saa za Baada ya Kengele

Risala ya wafanyakazi wa Hospitali Ndogo ya Gathurwe, Tetu, kwa Daktari wa Mkoa, siku ya kufunguliwa kwa wodi mpya ya akina mama, Jumamosi tarehe 20 Juni 1981. Msomaji ni Magdaline Wacera, mhudumu wa wodi.

Mgeni rasmi, Daktari Ngatia, Chifu wetu, Bwana Mwenyekiti wa kamati ya harambee, wazazi wenzetu, na nyinyi wagonjwa mnaotusikiliza kutoka madirishani: hamjambo, na tena hamjambo.

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa Gathurwe, wauguzi wanne, wahudumu tisa, karani, mpishi, dobi na mlinzi, tuna furaha ambayo tumeshindwa kuificha tangu Jumanne tulipoambiwa unakuja. Sakafu unayoikanyaga imesuguliwa mara tatu. Mara ya tatu haikuwa na haja, ni mikono tu iliyokataa kutulia. Hata mlima umejitokeza asubuhi hii bila wingu, na hapa kwetu mwezi wa Juni hiyo si kawaida. Chai iko tayari. Mpishi wetu, Mama Kasyoka, ametia maziwa mengi kuliko maji, na ametuonya tusikwambie kwamba si kila siku.

Kabla sijafungua karatasi hii, umesikia chuma kikigongwa pale langoni. Ile ndiyo kengele yetu. Tunaomba uikumbuke, tutairudia.

TULIKOTOKA

Hospitali hii ilianza mwaka uliofuata Uhuru, vyumba viwili vya udongo na mabati ya kuazima. Leo tuna vitanda thelathini na viwili, na kwa wodi hii unayoifungua vitakuwa arobaini. Mawe ya kuta hizi yalibebwa na akina mama wa kule Wamagana kwa migongo yao, na wengine wao walikuwa wajawazito. Mmoja alibeba jiwe Jumatatu, akajifungua Jumatano. Mtoto yuko hapa, anaitwa Wachuka, na sasa anatafuna kofia ya Mwenyekiti.

Lakini leo tunataka kukusimulia habari ya kitabu.

Kwenye korido kuna meza, na juu ya meza kuna kitabu cha mahudhurio. Unaandika saa uliyofika, na jioni unaandika saa uliyoondoka. Saa kumi na moja kamili Mzee Theuri, mlinzi wetu, hugonga rimu ya lori iliyotundikwa langoni. Sasa sikiliza tulivyokuwa tukifanya. Chuma kikilia, tulikuwa tunapanga mstari, kila mtu anaandika "saa kumi na moja", anatia sahihi, kisha anarudi wodini kuendelea na kazi. Mpaka saa mbili usiku. Mpaka saa tatu. Aliyekuwa na ndoo aliiacha pembeni ya meza ili asipoteze wakati.

Hakuna mkubwa aliyetuamuru, na hatutaki kumsingizia mtu. Ilianza miaka kumi na moja iliyopita. Mhudumu mwenzetu, Warigia, alikawia akimwogesha mtoto aliyeungua kwa uji, akaandika saa aliyoondoka kweli: saa moja usiku. Asubuhi wenzake walikisoma kitabu, wakamcheka.

"Ati saa moja! Warigia, ulikuwa unaosha wodi na kijiko?"

Basi. Tangu siku hiyo kuandika saa ya kuchelewa ikawa ni kujitangaza kwamba wewe ni mzito wa mikono. Na hakuna aliyetaka kuitwa mzito. Kwa hiyo, mgeni rasmi, ukikifungua kitabu chetu cha miaka hiyo yote, utaona kwamba Gathurwe hajawahi kutokea mtu aliyefanya kazi dakika moja baada ya kengele. Mamia ya watoto walizaliwa hapa usiku, na kwa mujibu wa kitabu walijizaa wenyewe.

TULICHOELEWA

Hapa wenzangu wameniruhusu niseme "mimi" kidogo.

Mimi ni mwanafunzi wa gumbaru, masomo ya watu wazima. Jumanne na Alhamisi jioni, nikipata nafasi, huenda shule ya msingi kule chini na mwanangu mgongoni, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwezi wa Februari mwalimu wetu, Bwana Mathenge, alituambia kila mtu alete karatasi yoyote ya kazini kwake tuisome pamoja. Mmoja alileta risiti ya kahawa. Mimi nilitazama ubao wa matangazo wa hospitali, na chini ya kalenda ya kampuni ya mbegu nikaona waraka wa serikali, kurasa mbili za Kiingereza. Ulikuwa umekaa hapo miaka miwili. Sote tulikuwa tunautazama tukitafuta tarehe kwenye kalenda.

Tuliusoma jioni tatu, kwa kamusi moja ya darasa zima. Neno la kwanza lililonishinda lilikuwa refu kuliko kidole changu. Jioni ya tatu mwalimu aliniambia, "Wacera, rudia hapo, polepole. Hapo ndipo penyewe."

Nikarudia. Kisha nikasema, "Mwalimu, hawa ni sisi!"

Darasa lote likacheka, na mwanangu akaamka.

Waraka unasema mambo manne. La kwanza, wiki ya mfanyakazi wa afya ina saa zake za kawaida, arobaini na tano. La pili, saa inayozidi hapo ni ya ziada, ndiyo ile watu huita ovataimu, na mfanyakazi hulipwa saa moja na nusu kwa kila moja, ama akitaka apewe mapumziko ya kiasi hicho. La tatu, saa za usiku, za Jumapili na za sikukuu zina uzito zaidi, kwa sababu ni saa ambazo watu wengine wako na jamaa zao. La nne nitalisema baadaye, maana ndilo lililotuleta kwako.

Kesho yake nilieleza jikoni. Maneno matupu hayakutosha, kwa hiyo nilichukua ungo wa mahindi na maharagwe ya githeri. Punje ya mahindi ni saa ya kawaida. Harage ni saa ya baada ya kengele. Harage la Jumapili linakaa kwenye kisahani chake. Kila mtu alipanga wiki yake mezani, punje moja moja. Za kwangu zilikuwa mahindi arobaini na tano na maharagwe kumi na tisa, manane yakiwa ya kisahani. Sista Nasirumbi, muuguzi wetu mkuu, alipanga yake, akayatazama, akavua miwani, akaipangusa, akahesabu tena.

Mama Kasyoka akasema, "Mkimaliza kusoma sheria mnirudishie maharagwe yangu. Wagonjwa hawali masaa!"

Tulicheka mpaka dobi akaja kuuliza ni nani amejifungua.

Tukakubaliana kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 2 Machi kila mtu ataandika saa ya kweli. Usiku huo ulipofika, Mzee Theuri alikataa. "Miaka yote hii sijachelewa," alisema, "nianze kuchelewa na hizi mvi?"

Sista Nasirumbi akamjibu, "Mzee, hukuchelewa. Ulikuwa kazini."

"Na wakinicheka kama walivyomcheka Warigia?"

"Warigia mwenyewe ndiye wa kwanza kuandika. Tazama."

Na kweli, Warigia alikuwa ameshika kalamu. Aliandika "saa mbili usiku", akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayetazama picha ukutani. Mzee Theuri alikwenda langoni, akarudi, akaenda tena. Alipoandika yake, aliandika herufi kubwa zikajaza mistari ya watu watatu, na karani wetu Philemon akapiga kelele, "Mzee, hiki ni kitabu, si ukuta!"

Tangu siku hiyo, mgeni rasmi, wiki kumi na sita sasa, kitabu chetu kinasema kweli. Na hata kabla hatujapata chochote, kimetusaidia. Tuliona kwa macho yetu kwamba kazi ya Jumapili ilikuwa inamwangukia mhudumu mwenzetu Watiri kila mara, kwa sababu tu hajui kukataa. Philemon akaipanga upya. Pasaka Watiri alikwenda kanisani na kofia mpya, akalala usingizi wakati wa mahubiri, na hatumlaumu.

LILILOBAKI

Sasa jambo la nne. Waraka unasema saa za ziada zina thamani pale tu Daktari wa Mkoa anapokuwa ametia sahihi ya kibali, na kibali cha mwaka kitolewe kabla ya mwaka wa serikali kwisha, yaani kabla ya tarehe 30 mwezi huu kupita. Hospitali yetu haikuwahi kuomba. Ingeombaje, na kitabu kilisema sote tuko nyumbani?

Miaka ya nyuma hatuidai. Tuliandika wenyewe, kwa kalamu zetu, kwamba tumeondoka. Hilo tumelimeza. Tunazungumza habari ya mwaka unaokuja. Leo ni tarehe ishirini. Sahihi isipopatikana katika siku hizi kumi, tutangoja mwaka mzima tena.

Wenzetu wengine wangechukua malipo. Mzee Theuri ameniagiza nitaje wazi kwamba anataka mabati. Lakini kati yetu wako wanawake saba wenye watoto ambao hawajatembea, na sisi, kama tungeulizwa, tungechagua yale mapumziko. Nilikuwa sitaki kusoma sehemu hii. Watiri akaniambia, "Soma, la sivyo nitasoma mimi, na mimi nitalia mbele ya Chifu."

Basi nasoma. Mwanangu anaitwa Mutahi, ana miezi tisa. Jirani yangu Kagure hunishikia, na anamtunza vizuri, Mungu ambariki. Jumapili moja mwezi uliopita nilirudi wakati watu wameshamaliza chai ya jioni. Nilinyoosha mikono. Mutahi hakulia wala hakukataa. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni, kisha akageuka kwa Kagure kuuliza kwa macho huyu ni nani. Kagure akasema, "Ni mama, we mjinga," akicheka ili nisione vibaya. Nilicheka pia.

Mgeni rasmi, ninaipenda kazi hii. Nikiwa wodini na mama wa watu anajifungua, siwezi kutazama saa, na hata nikipewa kibali kesho bado sitaitazama. Ninachoomba ni kwamba saa hizo nikiwapa wengine, nirudishiwe siku moja ya kumpa Mutahi.

OMBI

Ombi letu ni moja. Karatasi ya kibali Philemon ameitayarisha, ukurasa mmoja. Imewekwa ndani ya kitabu cha mahudhurio, na kitabu kiko kwenye meza ya korido, kando ya kitabu cha wageni.

Na sasa turudi kwenye kengele. Leo ni Jumamosi. Kazi ya Jumamosi huisha saa saba mchana. Uliposikia kile chuma, ilikuwa saa saba kamili. Hukuona mtu akiinuka kwenda kupanga mstari. Wauguzi wawili wako wodini sasa hivi, na sisi wengine tuko mbele yako.

Lakini na wewe, Daktari, umetoka Nyeri mjini Jumamosi, siku ambayo wengine wako shambani kwao. Hatujui kama kuna kitabu kinachoandika saa zako. Hapa kwetu kipo. Katika ukurasa wa leo tumekuachia mstari wa kwanza. Utakapokuwa ukienda, tazama saa yako, uandike saa uliyoondoka, ile ya kweli, nasi tutaandika chini yako. Hakuna atakayekucheka. Karatasi iko hapo hapo, na kalamu ina wino. Philemon ameijaribu mara nne.

Mungu akulinde barabarani, akufikishe kwako kabla watoto hawajalala, na wakikuona wakukimbilie.

Ni sisi, wafanyakazi wa Hospitali Ndogo ya Gathurwe, ambao bado tuko kazini.