Barua Mbili na Kifaranga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana wengine mmeitika kama mmelazimishwa! Mimi ni Masanja, mtoto wa Mzee Luhende wa Mhunze, na leo sifichi kitu.

Nilipomaliza kidato cha sita, miaka ile ya sabini, nilipata barua mbili. Moja ya chuo cha ualimu, hapa hapa karibu. Nyingine ya chuo cha kodi, Dar es Salaam. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye kodi! Lakini baba akasema twende kwanza kwa mganga. Nami, msomi mzima, tena nimebatizwa, nikaenda! Mganga akapasua kifaranga, akachungulia ndani, akasema njia ya mashariki ina kifo. Barua ya kodi nikaisokomeza sandukuni. Ualimu nao nikaususa, nikakimbilia Nyarugusu kuchimba dhahabu.

Ndugu zangu, nimelala njaa kule! Nilishuka mashimoni nikisali na kutukana kwa mdomo huo huo. Siku moja wachimbaji wakaleta mganga awaonyeshe dhahabu ilipo. Kumbe ni yule yule! Aliponitambua akacheka: "Usinilaumu, kijana. Baba yako ndiye aliyeniambia la kusema."

Nilipandwa na hasira, acheni! Nikadandia lori, njia nzima napanga maneno ya kumvunjia mzee heshima. Tulipofika Ibadakuli lori likaharibika. Kina mama walikuwa wanasali kanisani pale jirani, nikaingia nipate kivuli tu. Wakaniombea hata jina hawajaniuliza. Nililia mimi! Ile hasira ikanitoka yote, na aliyeitoa ni Yesu.

Nyumbani nikauliza jambo moja: "Baba, uliogopa nini?"

Mzee akasema, "Watu wa kodi ya kichwa walinifunga kamba mbele ya wakwe zangu. Nikaapa mwanangu hataishika kamba ile."

Hayo sikuwahi kuyasikia. Nikamwambia, "Baba, nitaifanya kazi ile bila kamba." Zilikuwa zimebaki siku nne chuo kifunguliwe. Baba mwenyewe alinibebea sanduku hadi kwenye basi, akaniambia dirishani, "Masanja, ukimkuta mzee hana cha kulipa, mwamkie kwanza."

Nilisoma, na baadaye hata shahada nikaipata. Asante Yesu! Nakushukuru hata kwa lori bovu! Na wewe ndugu unayepimiwa njia yako kwa kuku, mwamini Bwana leo, usingoje kesho. Yeye hadanganyi.

Nami ndiye mtu wa kodi wenu. Wazee mlioketi hapa, semeni mbele za Mungu: yuko niliyemfikia bila shikamoo?