Sosamma Ittycheria, Aliyekata Vikohozi vya Wakubwa

Baba Padri, ndugu wa koo zote mbili, majirani mlioacha miti ya mpira bila kugemwa leo, na ninyi wasikilizaji wa Maktaba ya Sauti ya Deepam mliofika kwa basi mkiwa mmeshikana mabega, familia imemtuma Reenu, binti wa marehemu, awasomee maisha ya mama yake. Mjue kwanza kwamba jana jioni Profesa Eapen, kaka wa marehemu, alituletea historia aliyoiandika yeye mwenyewe, yenye kurasa nne, ambamo jina lake limetokea mara nyingi kuliko la marehemu, tukaisoma jikoni huku majirani wakitupakulia uji wa mchele na choroko, tukaona heri tuandike yetu. Hii ndiyo yetu.

Marehemu Sosamma alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kijiji cha Vakathanam, wilaya ya Kottayam, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Ittycheria, mgema wa utomvu wa mpira, na Bi Aleyamma, akapewa jina la bibi yake mzaa baba, akaona kwa macho yake mpaka umri wa miaka minne, surua ilipompata na mganga wa jirani akamtia matone machoni, matone ambayo mganga huyo aliendelea kuyauza mpaka akafa na heshima zake zote. Tangu hapo watu wa kanisani walimwita maskini na kumpapasa kichwa, naye angali mdogo akajua kutofautisha nani anampapasa kwa huruma na nani anajifutia mafuta ya ndizi za kukaanga kwenye nywele zake. Wengine wao wako hapa, na nywele zao wenyewe sasa ni nyeupe.

Mwezi Juni 1968 alipelekwa shule ya bweni ya watoto wasioona, akajifunza kusoma na kuandika kwa nukta nundu, akamaliza darasa la kumi mwezi Machi 1979 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Profesa ameandika, katika kitabu cha maisha yake na katika zile kurasa nne, kwamba ndiye aliyemsomesha dada yake, lakini mwaka 1968 Profesa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alikuwa bado analala na taa inawaka kwa kuogopa popo, kwa hiyo familia inasahihisha kwamba aliyemsomesha Sosamma ni mama yao, Bi Aleyamma, kwa maziwa ya ng'ombe wake, na aliyesomeshwa kwa ng'ombe wenyewe, walipouzwa mmoja baada ya mwingine, ni Profesa.

Tarehe 3 Juni 1985 aliajiriwa na Maktaba ya Deepam, hapa Kottayam, ambayo huwasomea wasioona vitabu na kuvihifadhi kwa sauti, akaanza kwa kunakili kanda, kisha akawa mkataji, siku zile mkataji akikata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi, na vidole vyake vilibaki na alama za wembe huo hadi leo vilipofungwa rozari. Kanda zilipohamishiwa kwenye kompyuta, mwaka 2004, viongozi wa maktaba walimwambia kwa upole, ule upole wa mtu anayekutoa nje, kwamba sasa kazi imekuwa ya kutazama, kwani sauti huonekana kwenye skrini kama milima na mabonde, na mwenye macho huishika kwa kipanya. Sosamma aliwajibu, "Basi na ninyi muwe mnanusa muziki." Akatafuta programu inayoendeshwa kwa vitufe vya kibodi peke yake, akaisoma mwezi mzima, akarudi ofisini akaketi mbele ya mashine ambayo hakujali kuwasha skrini yake.

Tuwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi mmesema leo asubuhi kwamba marehemu alikuwa "akibonyezabonyeza kompyuta". Alikuwa na sauti ya mashine iliyomsomea kila kitufe alichogusa na kila mahali alipofika, akaiita Kasuku, akaiharakisha hadi sisi wenye macho tukasikia mlio tu wa mahindi yanayokaangwa, ilhali yeye na wenzake waliielewa kama tunavyoelewa redio. Kitufe kimoja kilicheza sauti, kingine kikatia alama mwanzo wa kikohozi, kingine mwisho wake, kingine kikakifuta, na mkono wake haukuinuka mezani. Pumzi aliikata nusu, hakuikata yote kamwe, akisema ukiikata yote unapata maiti anayesoma gazeti. Kimya kirefu kati ya sentensi hakukivumilia hata kidogo, alikifupisha papo hapo, akisema msikilizaji hajaketi kumsubiri msomaji ameze mate. Neno la msomaji hakuligusa, hata liwe la kipumbavu namna gani, na mengi yalikuwa ya kipumbavu, kwa sababu wasomaji wa kujitolea walikuwa wanasheria wastaafu, wakuu wa vyuo na wake za madaktari, waliokuja kusoma wakiwa wamekula, wakicheua katikati ya mashairi, wakigonga meza kwa pete zao, kisha wakapongezwa kwenye sherehe kwa sauti zao safi. Usafi huo ulikuwa wake. Alipotaka kukumbuka mahali fulani ndani ya rekodi alipatia alama na kuipa jina, ili Kasuku amsomee, na katika rekodi za watu hao majina aliyozipa alama zake hayakuwa ya kanisani.

Tarehe 8 Mei 1988 alifunga ndoa na Varkey Oommen, fundi cherehani, ambaye shangazi yake alimwambia mbele ya wageni, "Unajitwisha mzigo, mwanangu," naye akamjibu, "Mzigo ni wewe, Shangazi, uliyekuja kwetu Pasaka ya mwaka juzi na hujaondoka." Mungu aliwajalia watoto wawili, Reenu, aliyezaliwa mwaka 1990, na Biju, aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye yuko kazini Doha na amefika alfajiri ya leo. Mzee Varkey alitangulia mbele ya haki tarehe 30 Septemba 2011, na marehemu alimlilia kwa mwaka mzima bila kumruhusu mtu amwambie avumilie.

Mwezi Novemba 1994 Bi Aleyamma alianguka kando ya kisima, akavunjika nyonga, akalala kitandani nyumbani kwa Sosamma na Varkey mpaka alipofariki tarehe 2 Machi 2003. Miaka yote hiyo aliogeshwa, akageuzwa, akalishwa na kubadilishwa shuka na binti yake asiyeona, kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi, na Varkey akimbeba kumpeleka uani apate jua. Profesa alikuwa akija kila Krismasi kutoka Thiruvananthapuram na keki ya zabibu, akikaa mlangoni kwa sababu chumba kilikuwa na harufu, akila sehemu kubwa ya keki hiyo na kuondoka kabla ya chakula cha usiku. Familia inalisema hili hadharani kwa sababu lina sababu yake.

Profesa alipostaafu alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya Deepam, akaandika kitabu cha maisha yake, akakisoma mwenyewe kwenye kipaza sauti cha maktaba, na kazi ya kukisafisha ikamwangukia dada yake. Akaifanya. Alama alizotia ndani yake zilikuwa nyingi. Siku chache kabla ya uzinduzi Profesa akataka kuirudia aya ya mama yake, kwa kuwa hakuridhika na huzuni iliyokuwemo, na siku hiyo ofisi ilikuwa imeazimisha kifaa kilichotenga sauti ya Kasuku na sauti inayorekodiwa, imekipeleka kwenye harusi ya mpwa wa karani, hivyo kila alichosema Kasuku kiliingia katika rekodi moja kwa moja. Hili ni kosa ambalo mkataji asiyeona peke yake ndiye anaweza kulifanya, na mkataji huyo hulikamata kwa kusikiliza kazi yake hadi mwisho. Sosamma, aliyewapigia kelele wenzake miaka yote wasikilize hadi mwisho, safari hii hakusikiliza, kwa sababu hakuweza kuvumilia kumsikia kaka yake akisema maneno yale kwa mara nyingine.

Tarehe 11 Januari 2014, ukumbini, mbele ya mapadri na wakuu wa vyuo waliokaa mbele, na wasioona waliopangwa nyuma kabisa karibu na vyoo, iliwekwa aya hiyo ya mama. Sauti ya Profesa ikasema, "Nilimuuguza mama yangu kwa mikono hii miwili hadi pumzi yake ya mwisho," ukafuata mlio mfupi wa mahindi yanayokaangwa, safu za mbele zikatikisa vichwa kwa majonzi, na safu za nyuma zikaangua kicheko kilichofika barabarani. Padri aliyekuwa kwenye meza kuu akauliza wanacheka nini, na Mzee Kunjumon, muuza tiketi za bahati nasibu, ambaye yuko nasi hapa na hajabadilika, akasimama na fimbo yake akatangaza kwa sauti ya stendi ya mabasi, "Baba, mashine imesema, uongo wa saba, mwisho wa kipande!"

Kamati ilimwita wiki iliyofuata, ikamtaka aseme mbele ya watu kwamba mashine iliharibika na kwamba kila neno la kitabu ni kweli, kisha arudi kwenye kiti chake. Marehemu aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotupenda baadhi yetu, tunajua, na alijua hakuna mahali pengine Kottayam pa kuifanya.

"Kasuku hana ubaya," akawaambia. "Mimi ndiye sikusikiliza hadi mwisho. Nimewapa wasikilizaji kazi chafu, na kwa hilo naomba radhi kwao."

"Na maneno yale kuhusu Profesa?" akauliza katibu.

"Muulizeni Profesa. Yuko hapo, nasikia anavyopumua."

Profesa hakuulizwa. Sosamma aliachishwa kazi tarehe 31 Januari 2014, wanakamati wakamshika mkono mmoja mmoja, wakamwambia maskini, na wengine wao tumewaona leo wakichagua viti vyenye kivuli. Kitabu kiliondolewa rafuni kimyakimya. Akaendelea kufanyia kazi nyumbani, akisafisha kwaya, mahubiri na salamu za watu walio kazini nchi za Ghuba kwa mama zao, na hakuna rekodi aliyoitoa mlangoni bila kuisikiliza yote.

Mwezi Juni 2023 aligunduliwa ana saratani ya kongosho. Alitibiwa, akadhoofika, akarudi nyumbani, na mwanzoni mwa Oktoba Profesa alifika kwa teksi, na keki. Deepam imepata viongozi wapya, nao walikubali kukirudisha kitabu chake iwapo aya ile itasomwa upya, na Profesa alitaka kazi safi, na kwa kazi safi alimjua mtu mmoja tu. Sosamma alisema tu, "Reenu, mpe mjomba wako kiti. Kile kisicholia."

Profesa akawekewa kipaza sauti karibu na kitanda, na dada yake amelala mbele yake, kwenye kitanda kilekile alichofia mama yao. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye sentensi ile, akavuta pumzi, akanyamaza. Feni ilizunguka, sufuria ya presha ya jirani ikapiga mluzi, na mtu mwenye shahada tatu akashindwa kuusema uongo wake mbele ya aliyeujua, na ukweli nao ukamshinda.

"Hapo ukate," akasema mwishowe.

"Nikate nini, Kaka? Hujasema kitu."

"Hapo niliponyamaza. Ukate, uunge na inayofuata."

"Nimekusikia," akasema marehemu, na Profesa akaondoka bila kunywa chai.

Aliifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa, kibodi ikiwa juu ya mto, akakata vikohozi, akakata pumzi nusu nusu, akaifuta miluzi ya jirani iliyolia wakati wa kusoma, kisha akakifikia kile kimya, akakisikiliza chote, akakirudia. Binti yake akamwambia, "Mama, hiki si kirefu mno? Watadhani rekodi imekatika."

"Kirefu sana," akajibu. "Kiache. Hapo ndipo aliposoma vizuri."

Akaisikiliza rekodi yote hadi mwisho, akaipeleka maktaba, na ndivyo kitabu kilivyo sasa, na tumeambiwa wasikilizaji wanapiga simu kuuliza mbona mtu huyo ananyamaza akimtaja mama yake. Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 19 Novemba 2023, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na kaka mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumwita maskini, majirani waliotupikia, fundi wa feni aliyekuja hata siku ya sikukuu, Padri wetu, na wenzake wote wa safu za nyuma, ambao leo familia imewapangia safu za mbele, na tunawaomba radhi wakubwa waliolazimika kuhama. Kamati ya zamani ya Deepam tunaishukuru kwa shada la maua, ambalo tumeliweka pale uani.

Profesa, kurasa zako nne tumekurudishia mfukoni mwa koti lako. Hatutafunga jeneza mara moja baada ya haya. Kipaza sauti hiki kitabaki wazi, na watu hawa wote watakaa kimya, kwa sababu ipo sentensi moja kuhusu Bi Aleyamma na aliyemuuguza, nawe umebaki mtu pekee wa kizazi chenu wa kuisema, na Mama amelala mbele yako, hawezi tena kukurekebishia.

Lala salama, Mama. Tunamsubiri Kaka yako.