Mama Taipu, Aliyetaka Nyumba Zisipigwe Risasi

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Taipu, nami nitajitahidi nifike mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili kati ya sita, akasoma shule ya msingi mwaka 1964 hadi 1970, baadaye akaingia chuo cha uhazili alikohitimu mwaka 1976, na tarehe 1 Februari 1977 akaajiriwa mahakamani kuwa mpiga chapa, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano, kwa vidole vyepesi kiasi kwamba hakimu mmoja alilalamika kuwa huyu mama anamaliza hukumu kabla yeye hajaifikiria.

Aliolewa tarehe 20 Desemba 1980 na fundi umeme, aliyetutangulia mwaka 1999, wakajaliwa watoto watatu, wavulana wawili na binti mmoja, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1994, ambaye alikuwa mboni ya jicho lake.

Jumamosi ya tarehe 17 Mei 2003, saa kumi alasiri, binti huyo alikuwa sebuleni akifanya hesabu za shule, wakapita watu kwa gari, wakimwinda mpangaji wa jirani ambaye alikwisha kuhama, wakakosea nyumba, wakaimiminia ya marehemu risasi saba, zikavunja dirisha, zikatoboa kabati, ila kwa rehema za Mungu hazikumgusa mtu. Marehemu alimkuta mwanawe chini ya meza, ameukumbatia mguu wa meza, ikabidi ambandue kidole kimoja kimoja.

Aliyefyatua alikamatwa, lakini kwa kuwa hakuna aliyeumia, alifungwa miezi sita kwa kuharibu mali, na marehemu, ambaye alikuwa amepiga chapa hukumu nyingi za namna hiyo bila kuzitilia maanani, safari hii aliisoma neno kwa neno, akatuambia, "Kioo wamekiandika, mwanangu hawakumwandika."

Tangu hapo mtoto hakuweza kukaa nyumba ile, gari likipunguza tu mwendo alikuwa chini ya meza, hivyo Agosti 2003 alipelekwa kwa shangazi yake, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, tukasema ni muhula mmoja, muhula ukazaa miaka. Marehemu alitandika kitanda chake kila Jumamosi, akamshonea magauni kwa kukisia kimo, na yalipofika yalikuwa mafupi, maana mtoto hukua hata usipomtazama.

Ndipo alipoandika ombi, kwamba kuipiga risasi nyumba ya watu kuwe kosa kubwa lenye kifungo kirefu, hata asipojeruhiwa mtu, akazunguka mlango kwa mlango kutafuta saini, waliomfungia akawarudia, na mbunge mmoja alipomwambia, "Mama, sheria haibadilishwi kwa pupa," alimjibu, "Ndiyo maana nimekuja mapema, mwanangu."

Sheria ilipita tarehe 12 Novemba 2014, kifungo kisichopungua miaka kumi, na papo hapo akampigia binti simu, "Imepita, mwanangu, njoo nyumbani." Binti akasema, "Hongera, Mama. Ila masikio yangu hayajui sheria." Marehemu hakumlaumu, lakini siku ile hata chai hakunywa.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na tulipokaa kikao kuamua nani ahamie kwake kumuuguza, alitukatiza, "Miaka ishirini namngoja aje, kumbe miguu ninayo mimi." Tarehe 4 Machi alifunga nyumba, akahamia kwa binti yake, wakakaa siku sitini na moja, akimsuka nywele kama mtoto wa miaka minane, wakicheka mpaka wapangaji wa juu wakagonga sakafu. Alifariki tarehe 4 Mei, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa kichwani kwa mwanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa nyumba zote mbili, wafanyakazi wenzake wa mahakama, na kila aliyetia saini lile ombi. Dada, umekaa na mwanao, japo kidogo. Pumzika sasa, amani ikufunike.